Dola 3,000 kwa Matundu Matano

Ingia duka kubwa la silaha katika majimbo ya milimani huko Marekani, Wyoming, Montana au Idaho, uinamie kabati la vioo lenye bastola za kuwindia. Huenda ukakuta rivolva mbili zimelazwa jirani. Zote ni za chuma kisichoshika kutu, zote zina mtutu wa inchi saba na nusu, zote zinapiga risasi ya .454 Casull, na zote zinakaribia kilo moja na nusu. Kibandiko cha ya kwanza, Ruger Super Redhawk, kinasema dola 1,500 hivi, au pungufu kidogo kama muuzaji ana haraka. Cha ya pili, Freedom Arms Model 83, kinasema dola 3,000, pengine na zaidi. Ya bei ndogo inabeba risasi sita. Ya bei kubwa inabeba tano.

Kwa hiyo unalipa maradufu ili upunguziwe risasi moja. Hizo 1,500 za juu zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye kazi ya mashine ambayo jicho haliioni dukani. Ni kazi ya kweli na mnunuzi haibiwi. Ila wengi wanaoilipia hawatapiga risasi za kutosha hata waione, na hapo ndipo hesabu ya ununuzi huu inapotakiwa kuanzia: si kwenye bastola, bali kwenye maboksi ya risasi ambayo mtu anakusudia kwa dhati kuyamaliza.

Tuanze na matundu. Miaka ya 1950 kulikuwa na fundi bunduki wa Utah, Dick Casull, aliyetaka risasi kongwe ya .45 Colt, iliyokuwapo tangu 1873, ikimbie kuliko ilivyoumbwa kukimbia. Hata leo kikomo cha shinikizo cha risasi hiyo ni pauni 14,000 kwa inchi ya mraba. Casull alishindilia baruti, na silinda za kawaida zikampasukia. Dawa aliyoipata haikuwa ya kichawi: ukitoboa matundu matano badala ya sita, kuta kati ya tundu na tundu zinanenepa. Leo kikomo cha .454 Casull, risasi iliyozaliwa hapo kwa kurefusha ganda kidogo, ni pauni 65,000. Cha .44 Magnum, ambayo watu wengi huiona ndiyo mwisho wa maneno, ni 36,000. Mwaka 1978 Casull na Wayne Baker walianzisha Freedom Arms katika kijiji cha Freedom, Wyoming, kilichokaa mpakani kabisa na Idaho, na mwaka 1983 wakaanza kuuza rivolva ya .454. Kwa miaka zaidi ya kumi aliyetaka kaliba hiyo hakuwa na mlango mwingine wa maana wa kubisha, mpaka Taurus wa Brazil na Ruger walipoingia miaka ya mwisho ya 1990.

Ruger walipoitoa Super Redhawk ya .454 mwaka 1999 hawakupunguza tundu. Walibadilisha chuma cha silinda wakatumia aloi ngumu zaidi, na sita yakabaki sita. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba silinda ya matundu sita ni hatari na ya matano ndiyo salama, huyo anauza woga. Kwa uimara, bastola zote mbili zitaizidi mikono ya mwenyewe.

Tofauti iko kwingine. Rivolva ina udhaifu wa kuzaliwa nao ambao bunduki ya kawaida haina: risasi hulala katika kitu kimoja, silinda, kisha inabidi iruke pengo dogo na kuingia katika kitu kingine, mtutu. Kila unapovuta nyundo, tundu jipya linakuja mbele ya mtutu, na tundu hilo lisipokaa sawasawa na kinywa cha mtutu, hata kwa elfu moja au mbili za inchi, kichwa cha risasi kinaingia upande, kinakwaruzwa, kinaacha kipande cha risasi pembeni. Ndiyo maana kinywa cha mtutu huchongwa kwa mteremko, kikiwa kipana mwanzoni na chembamba ndani, ili kimsaidie mgeni aliyekuja kombo. Mteremko huo ni kukiri kwamba mambo hayatakuwa sawa kabisa.

Katika viwanda vya kutengeneza kwa wingi, silinda hutobolewa kwenye mashine yake, fremu hutengenezwa kwenye mashine yake, na fundi wa kuunganisha anachukua moja huku na nyingine kule. Vipimo vya siku hizi ni vizuri, kwa hiyo matokeo huwa mazuri. Lakini huwa mazuri kwa bahati pia: katika matundu sita yako, manne yanaweza kuwa hodari na mawili yakawa mavivu, na mpigaji makini anayaweka alama kwa kalamu ili ajue lipi ni lipi. Freedom Arms wanafanya kwa njia nyingine. Silinda ambayo bado haijatobolewa matundu yake ya mwisho inafungwa ndani ya fremu itakayoishi nayo, kisha kila tundu linatobolewa kupitia pale pale mtutu utakapokaa. Tundu haliwezi kukosana na mtutu kwa sababu limezaliwa likiutazama. Pengo kati ya silinda na mtutu nalo hubanwa hadi kama elfu mbili za inchi, wakati bastola za kiwandani kwa kawaida huwa na mara mbili au tatu ya hapo.

Ukitaka kuiona kazi hiyo dukani, kuna jaribio moja ambalo muuzaji yeyote mstaarabu atakuruhusu kulifanya baada ya nyote wawili kuhakikisha bastola haina kitu. Vuta nyundo nyuma kabisa, elekeza mtutu pasipo na mtu, kisha shika silinda kwa vidole viwili ujaribu kuitikisa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ruger itacheza kidogo, na hilo si kosa: uchezaji huo ndio unaouruhusu mteremko wa mtutu ujipangie risasi. Model 83 itatulia kana kwamba silinda na fremu vilimiminwa pamoja. Wanunuzi wengi huishia hapo na kutoa kadi ya benki, nami nawaelewa. Mkono unapenda chuma kisichotikisika. Ila mkono haujapiga risasi hata moja bado.

Sasa, usahihi huo una faida gani shambani? Mwindaji wa kulungu kwa bastola, kama ana adabu, hapigi mbali zaidi ya yadi 100, na wengi hujizuia kwenye 50. Sehemu ya kulungu inayomuua haraka, moyo na mapafu, ina upana wa inchi nane hivi. Super Redhawk nzuri, ikipigwa juu ya mfuko wa mchanga kwa risasi inazozipenda, haitashindwa kuweka risasi zake ndani ya inchi tatu kwenye yadi 50. Model 83 itaziweka ndani ya nusu ya hapo, wakati mwingine chini zaidi. Lakini mwindaji hapigi juu ya mfuko wa mchanga. Anapiga amepiga goti, ana baridi, moyo unamwenda mbio, na mikono yake peke yake inaongeza inchi nne au tano. Ukijumlisha makosa ya mtu mzima na makosa ya chuma, ya chuma hayaonekani.

Wapo ambao kwao yanaonekana. Kuna mchezo wa kulenga sanamu za chuma kwa bastola, unaosimamiwa Marekani na chama cha IHMSA tangu 1976: kuku kwenye mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Kwenye mita 200, kwa rivolva, kila elfu ya inchi inadai haki yake, na ndiyo maana Freedom Arms imekuwa jina la kawaida katika daraja la rivolva la mchezo huo. Mtu anayefunga darubini juu ya bastola na kupiga kila wikendi naye yumo katika kundi hili. Hao wanalipa dola 3,000 na wanazila zote.

Kabla ya kuondoka kwenye Model 83 yenyewe, mambo mawili ambayo kijitabu cha kiwanda huyataja na muuzaji huwa anayasahau. La kwanza: ni bastola ya kuvuta nyundo kwa kidole gumba kila risasi. Ruger Super Redhawk inakupa hiari, uvute nyundo au ufyatue moja kwa moja. La pili ni zito zaidi. Kiwanda kinashauri Model 83 ibebwe nyundo ikiwa imelala juu ya tundu tupu, kama walivyofanya watu wa zamani na Colt zao, kwa sababu haina kile kipande cha chuma kinachoifikishia pini pigo la nyundo pale tu kifyatulio kinapovutwa. Ruger wanakiweka katika rivolva zao za namna hii tangu 1973. Model 97, ndugu mdogo wa 83, anacho. Kwa hiyo ile bastola ya risasi tano, ukiibeba kwa kufuata maelekezo, ni ya risasi nne. Dola 3,000, risasi nne. Mtu alijue hilo kabla hajalipa, si baadaye porini.

Kuna pia madaraja mawili ya Model 83 yenyewe: Premier yenye mng'aro na mpini wa mbao ngumu, na Field iliyofifishwa na kuvalishwa mpini wa mpira. Pengo lao ni mamia ya dola. Matundu yao yanatobolewa kwa mashine ile ile na njia ile ile. Kama umeshaamua kununua usahihi, nunua Field; mpira unaihurumia mikono kuliko mbao, na chuma kilichofifia hakimmulikii kulungu machoni. Premier ni ya anayetaka kufa na tai shingoni, na hiyo ni haki yake.

Sasa twende kwenye risasi, ambako pesa yenyewe iko.

Bei za risasi Marekani hupanda na kushuka kama bei ya nyanya, hasa karibu na uchaguzi, lakini uwiano wao haubadiliki sana. Risasi moja ya .44 Magnum ya kiwandani ni kama dola 1.30. Ya .454 Casull ni kama 2.50. Ya .500 Smith & Wesson, ambayo huuzwa kwa maboksi ya 20, hupita dola 3 bila haya. Chukua mtu anayepiga risasi 500 kwa mwaka, yaani boksi la 50 karibu kila mwezi na likizo ya miezi miwili. Hicho si kiwango cha bingwa, ni kiwango cha mtu asiyetaka kumjeruhi mnyama. Katika miaka minne amepiga 2,000. Kwa .44 amechoma dola 2,600. Kwa .454 amechoma 5,000. Tofauti ya risasi peke yake ni 2,400, na imeshaipita ile tofauti ya bastola mbili tuliyoanza kuilalamikia.

Ukiongeza bei ya bastola, picha inakuwa hivi. Ruger Super Blackhawk ya .44, rivolva ya kuvuta nyundo iliyoanza kutengenezwa 1959 na inayouzwa kama dola 1,000, itakuwa imekula 3,600 baada ya miaka minne. Super Redhawk ya .454 itakuwa imekula 6,500. Model 83 ya .454 itakuwa imekula 8,000. Mwenye Super Blackhawk anaweza kumpa mwenziwe wa Model 83 lifti hadi porini, amnunulie chakula cha mchana kila safari, na bado abaki na pesa ya mafuta.

Kuna njia mbili za kukwepa mzigo huo. Moja ni kwamba silinda ya .454 inakubali risasi fupi ya .45 Colt, ambayo ni ya bei nafuu na haiumizi mkono. Wengi huijua bastola yao ya .454 kwa njia hiyo, na ni jambo la busara. Ila ganda fupi huacha pete ya masizi mbele yake ndani ya tundu, na usipoisugua vizuri, ganda refu la .454 linagoma kuingia siku unayolihitaji. Katika Model 83 ugomvi huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa tundu limebanwa. Kiwanda huuza silinda ya pili ya .45 Colt, lakini kwa sababu kila silinda inatobolewa kwa fremu yake, bastola lazima irudishwe Wyoming ikakae na silinda mpya. Hapo kuna mamia mengine ya dola na miezi ya kusubiri. Usahihi una bei hiyo pia: hakuna kipuri cha kuokota dukani.

Njia ya pili ni kujaza maganda mwenyewe. Ganda la shaba halifi baada ya mlio mmoja. Linaoshwa, linanyooshwa, linawekewa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Pauni moja ya baruti inatosha maganda 200 na kitu. Kwa vichwa vya kusubu, risasi ya .454 inaweza kukugharimu kama senti 70 badala ya dola 2.50, na mashine ya mezani ya kuanzia na vifaa vyake haizidi sana dola 400. Zile risasi 2,000 zinakuwa dola 1,400 badala ya 5,000. Model 83 na mashine na risasi zake zote kwa miaka minne inashuka hadi 4,800, pungufu ya mwenye Ruger ya .454 anayenunua boksi boksi dukani. Kwa hiyo ukiniuliza nani anastahili bastola ghali, jibu langu la kwanza ni swali: una meza ya kujazia maganda nyumbani? Kama huna na hutaki kuwa nayo, .454 yoyote ile ni starehe ya mwenye mshahara mnene, achilia mbali ile ya dola 3,000.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye kibandiko, nayo ni ya mwili. Risasi ya .454 yenye kichwa cha greni 300 hutoka mtutuni kwa kasi ya futi 1,600 hivi kwa sekunde, na kile kinachokwenda mbele kinadai malipo nyuma. Bastola inaruka juu, kidole cha kati kinagongwa na ukingo wa kifyatulio, na mlio wake ni wa kuvaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Masikio yakishaharibika hayarudi. Lakini kinachomharibu mpigaji zaidi ni kujifunza kuogopa. Baada ya risasi kumi za nguvu, mkono unaanza kushtuka kabla ya mlio, unasukuma mtutu chini, na risasi inaangukia mchangani. Mtu anaweza kuwa na matundu yaliyotobolewa na malaika, akishtuka hivyo atakosa debe la takataka. Ndiyo maana kwenye meza za bastola zilizotumika unakuta Smith & Wesson 500, rivolva ya 2003 yenye uzito wa kilo mbili, inauzwa pamoja na boksi lake la risasi 20, na ndani ya boksi zimebaki 14.

Kwa hiyo wale wanaotaka ufundi wa Freedom bila kipigo wana mlango mwingine ambao hausemwi sana. Model 83 hutengenezwa pia kwa .44 Magnum na hata .357 Magnum. Ile fremu nzito iliyoundwa kubeba pauni 65,000 ukiipa .44 inatulia mkononi, risasi ni za bei ya chini, na usahihi ni ule ule. Kwa mpigaji wa shabaha huo ndio ununuzi bora zaidi wa chapa hiyo, kwa maoni yangu, ingawa hauna sifa ya kusimulia.

Maana sifa nayo inauzwa. Mwaka 1971 Clint Eastwood alishika Smith & Wesson Model 29 katika filamu ya Dirty Harry, na bastola ambayo ilikuwa ya wawindaji tangu 1955 ikawa adimu madukani. Ndugu yake wa leo wa chuma kisichoshika kutu, 629, bado ana kifyatulio laini kuliko Ruger yoyote inayotoka kiwandani, kwa dola 1,200 hivi, na ni mwepesi kubeba. Wanaopiga risasi nzito kila siku hulalamika kwamba hulegea mapema kuliko Ruger. Colt wamerudisha Anaconda mwaka 2021 kwa bei iliyo jirani na Super Redhawk; ni nzuri kuangalia, na sehemu ya bei ni farasi aliyechongwa ubavuni. Taurus Raging Bull ya Brazil ndiyo rahisi kuliko zote, na rahisi huvunja upishi: zipo zilizo safi kabisa na zipo zinazohitaji fundi siku ya kwanza, kwa hiyo inunue ukiwa umeishika, si kwa picha. Magnum Research BFR, inayotengenezwa Minnesota, ni ya kuvuta nyundo kama Model 83, inauzwa kwa kama nusu ya bei yake, na kwa mtu anayetaka kaliba kubwa sana bila kuuza gari ndiyo ningemwambia aitazame kwanza.

Super Redhawk ina jambo dogo la kuisifia ambalo wengi hawalihesabu: fremu yake imechongwa sehemu za kushikia darubini, na pete za kuifungia zimo ndani ya boksi. Kwa bastola nyingi nyingine pete na kishikizo ni gharama ya pembeni.

Dubu sasa. Nusu ya mazungumzo ya bastola kubwa huanza na dubu wa Alaska, na muuzaji analijua hilo. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero waliyachambua matukio ya Alaska mara mbili. Mwaka 2008 waliandika kuhusu dawa ya pilipili ya kupuliza: iliwazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 wao na wenzao wakaandika kuhusu silaha za moto, na bastola zilifanikiwa katika asilimia 84 ya matukio yao. Matukio hayo si ya aina moja, kwa hiyo hayalinganishwi kama mizani ya sokoni, lakini mkebe wa pilipili ni dola 50 na hauhitaji mazoezi ya miaka minne. Ubaya wake ni kwamba hauruhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata ndani ya mzigo, wakati bastola isiyo na risasi, iliyofungwa kwa kufuli na kutangazwa kaunta, inaruhusiwa. Kwa anayetaka bastola kwa ajili ya dubu tu, Model 83 ndiyo ningeiweka mwisho: inavutwa kwa gumba, ina risasi nne, na usahihi wa mita 200 haumsaidii mtu aliye mita nne.

Kwa Waswahili walioko Marekani ambao wenzao wa kazini wameanza kuwaalika kuwinda, kuna gharama za karatasi pia. Bastola mpya hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, unajaza fomu namba 4473, na jina lako linapitishwa kwenye hifadhidata ya uhalifu. Kwa muuzaji huyo lazima uwe na miaka 21, na bastola uichukulie katika jimbo unaloishi. Ukiiona jimbo jingine au mtandaoni, inatumwa kwa muuzaji wa kwenu naye anatoza ada yake. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hawezi, isipokuwa ana kigezo kinachotambuliwa na sheria, kama leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na sheria ya shirikisho haijali kwamba jimbo lako limeiruhusu. Kujibu uongo hapo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji kosa la jinai lina mkia mrefu. Ndani ya bei ya dukani tayari kuna kodi ya asilimia 10 ambayo kiwanda kiliilipa kwa serikali chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, na pesa hiyo hurudi majimboni kutunza wanyamapori. Na asiyefikiria mbali asiwaze kwamba siku moja ataihamishia nyumbani: Kenya imefunga uwindaji wa wanyamapori wakubwa tangu 1977, na huko kwingine bastola si mzigo wa kuuvukisha mpaka bila vibali vya nchi mbili.

Likija suala la kuuza tena, Model 83 inajitetea vizuri. Mpya huagizwa na kusubiriwa miezi, kwa hiyo iliyotumika inayopatikana leo haishuki bei sana. Iliyotunzwa huuzwa kwa kama dola 2,000 na kitu. Mtu aliyeinunua ikiwa imetumika, akaifurahia miaka mitano, anaweza kuiuza bila hasara ya kumfanya alale vibaya. Ruger ya 1,500 hupoteza sehemu ya bei yake mara tu inapotoka dukani. Kwa kipimo hiki, iliyotumika ndiyo mlango wa busara wa kuingilia Freedom, na wauzaji wake mara nyingi ni wale wale waliogundua baada ya boksi moja kwamba mchagua jembe si mkulima.

Ukiikuta, chukua tochi ndogo. Angalia chini ya daraja la fremu, juu kabisa ya pengo la silinda na mtutu: miale ya baruti ya .454 huchimba mfereji mwembamba hapo, na mfereji unakuambia ukweli kuhusu idadi ya risasi ambao mwenyewe anaweza kuusahau. Fanya jaribio la kutikisa silinda katika kila tundu kati ya yale matano, si moja. Uliza kama alikuwa anajaza maganda mwenyewe, na kama alikuwa, muulize alizingatia kitabu gani cha vipimo. Akicheka tu na kusema alikuwa anakisia, rudisha bastola kabatini. Na kama ndani ya boksi kuna silinda ya pili, usiihesabu kama faida mpaka umeiingiza mwenyewe, umeizungusha matundu yote, na kuona haikwami popote. Silinda iliyotobolewa kwa fremu nyingine haikufai hata ukipewa bure.